Vikombe Vitatu Nyuma ya Rafu

Jumatatu, 12 Agosti
Sasa hivi mwanangu Ningning kaingia ndani ya sanduku langu la safari, kajikunja juu ya blauzi zangu, kasema yeye ni soksi, nimfungie humo tuende wote. Miaka mitatu tu! Nimemtoa huku moyo unaniuma.

Kesho naenda Fukuoka kikazi. Mara yangu ya kwanza! Kiwandani nafunga keki za nanasi, zamu ya jioni. Nikirudi, mtoto keshalala. Bosi Ke kasema imepatikana nafasi moja ya mchana, ya kuonjesha wateja. Tutaishindania kwenye maonyesho ya vyakula huko, mimi na mwenzangu Qiuyan. Qiuyan anajua Kijapani. Mimi najua kutabasamu.

Lakini bosi anapenda wiski kuliko anavyompenda mkewe. Mpango: niwahi uwanja wa ndege, nionje zile za bure dukani, nikariri majina, kisha nimkoge angani.

Mama mkwe kanionya: huu ni mwezi wa saba wa kalenda yetu ya kale, mizimu isiyo na kwao iko nje, usiguse kitu kisicho chako. Nimemwambia, mama, naenda uwanja wa ndege, siendi makaburini.

Jumanne, 13 Agosti
Binti wa dukani kanimiminia ya kwanza kwenye kikombe cha saizi ya kizibo. Moshi mtupu! Ya pili, asali na dawa ya kikohozi. Nikaomba ya tatu. Kasema kwa adabu: dada, kila abiria mbili tu.

Mbili zitamkoga nani? Nikazunguka nyuma ya rafu. Loo! Meza ndogo, kitambaa chekundu, machungwa, biskuti, na vikombe vitatu vimejaa pomoni. Hakuna udi unaofuka, hakuna kibao chenye jina la marehemu. Nikajua ni vya wateja wa heshima. Nikabugia vyote.

Ajabu. Harufu kali, lakini mdomoni maji. Maji baridi ya kisimani. Biskuti nayo kama karatasi.

Kando ya meza walikuwa wameketi wazee watatu, suti zao za zamani sana. Mmoja kaniambia kwa upole, "Kunywa tu, binti. Sisi tumeshakunywa." Nikawashukuru.

Binti wa duka akanikuta na kikombe mkononi. Uso ukampauka. "Dada! Hiyo ni sadaka ya ndugu wema! Udi humu ndani umekatazwa, ndiyo maana hatujawasha!" Ndugu wema! Yaani wale wale aliosema mama mkwe. Nikajitetea, mbona wenyewe hawa hapa, wamenikaribisha. Nikageuka nimwonyeshe.

Ukuta. Hata viti hapakuwa navyo.

Nimepanda ndege mbio. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Mkanda wake umefungwa, na umekazwa.

Jumatano, 14 Agosti
Maonyesho. Meza yangu na ya Qiuyan zinatazamana. Keki zetu zimetoka katoni moja. Wanaoonja za Qiuyan wanafumba macho kwa utamu. Wanaoonja zangu wanatafuna, wananitazama kwa huruma, wanaomba tishu. Bosi Ke kaonja. Kauliza, Yazhu, keki umekula wewe, watu umewapa katoni? Qiuyan kacheka mpaka kashika meza. Shoga, eti hata keki inakukimbia!

Mchana Ningning kapiga simu ya video. Kafurahi kuniona, kapunga mkono. Kisha kauliza, "Mama, mbona hao babu nyuma yako wamejaza midomo?"

Sikugeuka.

Alhamisi, 15 Agosti
Nimempigia mama mkwe, nikamwambia yote. Kanigombeza mpaka sikio likapata moto. Kasema wao wakishakula, ladha inaondoka nao, sisi tunabaki na makapi. Niwaombe radhi, niwarudishie vikombe vitatu, niiname, niwaage vizuri.

Sawa. Lakini hakusema meza ya nani!

Qiuyan alipoenda chooni nikapanga vikombe vitatu vya wiski ya hotelini nyuma ya meza yake. Nikainama. Nikanong'ona: wazee wangu, hamieni huku, kuna keki nyingi zaidi. Baridi ikanipita magotini, mara tatu.

Kufika saa tano, foleni mezani kwangu! Mnunuzi mkubwa kaagiza palepale. Qiuyan kabaki anaonja keki zake moja moja, machozi yanamlenga. Kaniuliza, dada Yazhu, ulimi wangu umekufa? Nikampa maji. Nilijisikia vibaya. Kidogo.

Ijumaa, 16 Agosti
Uwanja wa ndege, Fukuoka. Bosi Ke kasema kazi ya mchana ni yangu! Jioni nitamwogesha Ningning kwa mikono yangu mwenyewe. Kabakiza jambo moja tu: nimchagulie chupa nzuri, aone kama kweli nina ulimi wa kazi hii.

Qiuyan hajala tangu jana. Anasema hata chai haina kitu. Siwezi kumwacha hivyo, mimi si mnyama. Nimepata mpango safi. Hapa nako kuna kaunta ya kuonja wiski. Nitawaita wale wazee, niwanyweshe, kisha niwaache hukuhuku. Ila si adabu mgeni anywe peke yake, kwa hiyo na mimi kidogo, vikombe vitatu tu, nichague na chupa ya bosi humohumo.

Nimeshawaita kwa kunong'ona. Naandika nikisubiri.

Naitwa. Si Qiuyan. Ni sauti ya upole, inasema binti, njoo ukae, kiti chako tumeshakivuta, na bosi wako huyu hapa katikati yetu, keshaanza kunyw