Jinsi Waziri wa Rumonge Alivyochagua Kafi

Enyi wachuuzi wa mawese na ndagala, tueni ndoo zenu! Nanyi mlio basini mkielekea Nyanza-Lac, mwambieni dereva azime injini, kwani habari hii haipitwi mbio. Ni habari ya Waziri mwana wa Lukeba, simba wa randa, mshona tanga la turubai, aliyeunda mashua ndogo kwa mikono yake na kuisifu kuliko ilivyostahili.

Ikawa mama mkwe wake, Bi Hadjara, mwenye ulimi uliowahi kunyamazisha soko zima, ana safari ya Minago kwa arobaini ya mjukuu mchanga. Akasimama mchangani, uso kando, maana kwa ada yao mkwe na mama mkwe hawatazamani, akanena:

"Mukwe wangu, upepo ni ya Mungu, haina ratiba. Mi sipande kitu yenye kungoja upepo tu. Tafuta ya kuisukuma. Ukikosa, nitapanda basi, na kule Minago nitaeleza kwa nini."

Waziri akaiogopa aibu hiyo kuliko mamba wote wa Rusizi.

Baraza la vita likaketi. Djibril, muuza nyavu, akanguruma: "Ndugu, moteri! Mutu wa leo anaenda na moteri!" Lakini ni majemedari wangapi wamezeekea kwenye foleni ya esansi, mafuta ya injini, bidoni tupu mkononi? Moteri ikashindwa kabla ya vita.

Yakaja makasia mawili. Kuyajaribu, Waziri akaweka gunia la muhogo nyuma ya mashua, mahali pa Bi Hadjara, akavuta. Ole! Mvuta makasia hukaa akitazama nyuma, na kila alipoinua macho, gunia lilikuwa likimtazama. Heshima ikamshika. Akainamisha kichwa mbele ya muhogo na kugonga mitumbwi mitatu ya watu. Wavuvi walicheka mpaka wakakaa chini.

Basi akatwaa kafi, kasia fupi la mkononi, silaha ya mababu. Mwenye kafi hukaa nyuma akitazama mbele. Mama mkwe atakaa kwenye omo, mbele kabisa. Wote wawili wataitazama Minago, na ada itasalimika.

Siku ya safari upepo ulivuma kwa adabu mpaka mabati ya Minago yakaonekana, kisha ukafa. Waziri akapiga kafi, akapiga tena, jasho likimchuruzika, na mashua ikageuka polepole.

Bila kugeuza shingo, Bi Hadjara akanena: "Mukwe, arobaini iko Minago. Wewe unanipeleka Kongo. Unapiga kuume tu! Iko kafi ingine?"

"Iko, Mama," akajibu kwa sauti ndogo.

Mkono wa bibi ukanyooshwa nyuma. Waziri, macho majini, akautia kafi la pili. Bibi akapiga kushoto, mkwewe kuume, hakuna aliyemtazama mwenzake, na mashua ikanyooka kama mbao iliyopigwa randa.

Ndivyo Minago ilivyotekwa, bila damu wala esansi, saa nne na robo asubuhi, mbele ya bata wawili na mwanamke mmoja, Raisa, aliyekuwa akifua nguo. Bi Hadjara akashuka, akakung'uta kitenge, akaliambia ziwa:

"Jumapili tutarudi na hii hii. Lakini kafi yangu uifupishe kidogo."

Kafi yake! Andikeni, enyi wenye kalamu, vizazi visome: siku hiyo Waziri alilia kwa furaha mchangani, na kabla machozi hayajakauka alikuwa ameshaazima msumeno.