Daktari wa Taa Nyekundu

Mjini wako wanaokula kwa jasho lao, wako wanaokula kwa jasho la wenzao, na alikuwapo Mawimbi, ambaye alikula kwa taa nyekundu. Taa yenyewe haizidi punje ya mtama, nayo hukaa usoni mwa ripita, kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachopokea waifai kutoka kwenye ruta na kuisukuma hadi vyumba vya nyuma. Taa ikiwaka kijani katika nyumba za watu, Mawimbi alilala na huzuni. Ikiwaka nyekundu, alipiga pasi shati.

Asubuhi ya Jumatatu alikuwa amesimama mbele ya chumba kitupu chini ya jengo la ghorofa nne, akikitazama kama mtu anayetazama harusi ya mchumba wake wa zamani. Tangu fundi saa ahame, chumba kile kilikuwa kimefungwa, na dirisha lake pana lilielekea barabarani. Mawimbi alikuwa amekitamani mwaka mzima. Kwa miaka saba alikuwa ametembeza ujuzi wake katika mkoba wa begani, na alikwisha kujifunza kwamba mwongo mwenye duka huitwa mtaalamu, na mtaalamu asiye na duka huitwa mwongo. Mlangoni palibandikwa karatasi: "Kinapangishwa. Muulize Bibi, ghorofa ya tatu."

Hapo hapo sauti ikashuka kutoka juu.

"Sikusikii. Ngoja nisogee dirishani. Sasa je? Ripita ipo, mwanangu, lakini tangu Ijumaa imewasha taa nyekundu, inanitumbulia jicho tu kama mlevi."

Mawimbi akainua uso. Mwanamke mzee alikuwa amechomoza nusu mwili nje ya dirisha la ghorofa ya tatu, simu sikioni. Chumba na taa nyekundu, vyote kwa mtu mmoja. Mawimbi alikunja karatasi ya tangazo moyoni, akafunga kifungo cha juu cha shati, akapanda ngazi kwa heshima zote za mtu anayekwenda kumwibia mzee.

"Shikamoo, Bibi. Nimepita tu njia, nikasikia mgonjwa analia."

"Marahaba. Mgonjwa gani?"

"Ripita yako."

Bibi alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akamkaribisha. Sebule ilikuwa safi mno. Makopo yote rafuni yalikuwa na vibandiko, na hata fagio lilikuwa na msumari wake. Mtu mwangalifu angejiuliza ni mtu wa namna gani anayeishi hivyo. Mawimbi hakuwa na haja ya kujiuliza, kwa kuwa alikuja kuulizwa. Mkwe wa Bibi, mke wa mwanawe, alikuwa akikunja nguo kwenye kochi.

"Ilianza lini?" Mawimbi aliuliza, kwa sauti ya chini kama yuko wodini.

"Ijumaa," mkwe alijibu. "Nilibadilisha neno la siri la ruta, maana jirani wa juu alikuwa anatumia mtandao wetu kutazama mpira. Tangu hapo ripita imegoma."

Mawimbi alijua ugonjwa kabla hajaweka mkoba chini. Ruta ilikuwa imebadilishiwa neno la siri, na ripita bado ilikariri lile la zamani. Ilikuwa kama mpangaji aliyebaki na ufunguo wa kitasa kilichong'olewa: anagonga, anazungusha, mlango haumjui. Dawa yake ni kuipa neno jipya, kazi ya dakika tano kwa mtu mwenye kijitabu cha maelekezo na miwani. Zaidi ya hayo walikuwa wameichomeka jikoni nyuma ya friji, ambako hata sauti ya mtu haifiki.

"Hayo ya neno la siri hayahusiani," alisema. Akaichomoa, akaiweka sikioni, akafumba macho. "Pole sana, Bibi. Ini limeungua."

"Ripita ina ini?"

"Kila kifaa kina ini, Bibi yangu. Ndiyo maana hupata joto. Hii imekufa. Niachie nikaizike."

"Hata kuzikwa inazikwa?"

"Kwa utaratibu maalumu. Ukiitupa ovyo jalalani, mawimbi yake yanazurura."

Ripita ikazama mkobani, na kutoka mkoba ule ule ikatoka "mpya", iliyofutwa kwa spiriti asubuhi ile. Marehemu huyu wa pili alikuwa amefia kwa daktari wa meno wa mtaa wa pili, kwa ugonjwa ule ule wa ini. Ndiyo ilikuwa biashara nzima ya Mawimbi. Ya huku alipeleka kule, ya kule alileta huku, na hakuwahi kununua ripita hata moja maishani mwake. Aliichomeka karibu na ruta, akaipa neno jipya la siri, akangoja taa ya kijani, kisha akaihamishia katikati ya ukumbi.

Bibi akalipa bila kubisha. Jambo hilo lingemshtua mtu mwenye akili zake.

"Na kile chumba cha chini, Bibi?" Mawimbi aliuliza akiwa mlangoni, kana kwamba kilimjia tu.

"Ah, chumba." Bibi akakaa. "Kinyozi anakitaka. Kuna na bwana mmoja anataka kufuga kuku. Mwenye jengo anaishi mbali, funguo ninazo mimi. Ameniambia nimpe mtu atakayelifaa jengo. Na humu, mwanangu, nyumba zote nane zinalia na waifai."

"Nitaziponya."

"Bure?"

"Bure, Bibi?"

"Kinyozi ameahidi kunyoa jengo zima."

Mawimbi akameza mate. Akaona dirisha pana, akaona kibao chenye jina lake, akaona wateja wakimletea marehemu wao kwa miguu yao wenyewe, wala hatapanda ngazi tena. Ukitaka kuvuna magunia, huwezi kulilia kibaba cha mbegu.

"Bure," alisema.

"Basi umalize kabla ya Jumamosi. Mkwe wangu atafuatana nawe aandike kila unachofanya. Mwenye jengo ni mtu wa karatasi."

Siku nne zilizofuata zilikuwa za ajabu katika maisha ya Mawimbi, kwani alisema kweli mfululizo. Hakufanya hivyo kwa kutubu. Pasipo malipo uongo hauna faida, halafu unachelewesha. Kwa mwalimu wa hesabu alikuta ruta inatoa mitandao miwili, mmoja wa masafa ya juu na mmoja wa masafa ya chini, na ripita kuukuu inajua huo wa chini tu.

"Kwa hiyo ilikuwa inatafutiwa rafiki asiyejua lugha yake," mkwe alisema, akiandika.

"Umeshika vizuri, dada."

Kwa maharusi wa ghorofa ya nne alipenyeza pini kwenye kitundu kidogo cha ubavuni, akahesabu hadi kumi, ripita ikasahau mambo yote ya nyuma.

"Na mbona unaileta kwanza karibu na ruta?"

"Wajuane ana kwa ana kwanza," Mawimbi alijibu, akijipepea. "Halafu ndiyo uiweke nusu ya njia. Watu wanaipeleka pale ambapo mtandao haupo kabisa, wanataka isambaze nini? Mwenye njaa hawezi kumgawia mwenzake."

"Hebu rudia hapo pa nusu ya njia."

Akarudia. Alirudia kwa madaha, mkono mfukoni. Mtu mpenda sifa ukimshikia kalamu tu, anageuka chuo kikuu. Kufika Alhamisi alikuwa akimsahihishia mkwe daftari.

Ijumaa waliingia kwa fundi cherehani, ghorofa ya kwanza. Ripita yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji. Mawimbi akaigeuza, ikamchuruzika viganjani. Katika miaka saba hakuwahi kukutana na maiti halisi.

"Hii... hii imekufa kweli."

"Kwani zile nyingine hufa vipi?" fundi cherehani aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

Akatoa mkobani ripita ya Bibi, akaiunganisha, ikawaka kijani kama jani la mvua. Mkwe aliichomoa, akaitazama tumboni, akaandika kitu, akairudisha ukutani.

Jumamosi asubuhi Mawimbi alifika na kibao begani, rangi haijakauka vizuri: "DAKTARI MAWIMBI. TUNAPONYA MITANDAO." Alikiegemeza chini ya ngazi, akapanda hadi ghorofa ya tatu. Bibi alikuwa amekwisha kutoa ufunguo, umefungwa kibandiko kwa uzi.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Nyumba zote nane ni kijani. Na ile ripita yangu, uliizika salama?"

"Salama, Bibi. Mbali kabisa na makazi ya watu."

"Hujaionea huruma hata kidogo?"

"Kazi yetu haina huruma."

"Haya, shika ufunguo wako."

Alishuka ngazi mbili mbili. Akauingiza ufunguo. Ukaingia nusu, ukakwama. Akauzungusha kulia, akauzungusha kushoto, akaupaka mate. Mlango haukumjua. Alikuwa bado ameinama pale kitasa kilipofunguliwa kutoka ndani.

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni kavaa aproni. Nyuma yake kulikuwa na meza, kiti cha mteja, na daftari limefunguliwa ukurasa wa kwanza. Ukutani palibandikwa karatasi yenye mwandiko mzuri: "Kabla ya yote, isogeze karibu na ruta."

"Karibu, fundi. Tatizo ni nini?"

"Ufunguo... Bibi amenipa ufunguo wa chumba hiki."

"Huo ni wa fundi saa. Kitasa tulibadilisha Alhamisi."

Mawimbi akarudi nyuma hatua tatu, akainua uso. Bibi alikuwa dirishani pake, na safari hii hakuwa na simu.

"Bibi, tulikubaliana!"

"Nilikuambia kuna kinyozi, kuna wa kuku. Kuna na mkwe wangu, huyo sikumtaja. Chumba nilimpa mwezi uliopita. Alikosa kitu kimoja tu, kazi ya kufanya ndani yake. Tangazo sikulibandua, nikasema labda litaleta mwalimu."

"Na mwenye jengo? Nitamfuata huko mbali aliko."

"Ndiye mimi. Na kwa magoti yangu haya, ghorofa ya tatu ni mbali."

Madirisha mengine yalikuwa yamekwisha kufunguka. Mwalimu wa hesabu alikuwapo, maharusi walikuwapo, na fundi cherehani alikuwa ameinua ripita juu kama mtu anayenadi samaki. Tumboni mwa ripita kulikuwa na nukta ya rangi ya kucha, nyekundu.

"Miaka thelathini nimetunza stoo ya hospitali," Bibi alisema bila kupandisha sauti. "Kila kilicho changu nimekitia alama. Marehemu wangu amefufukia kwa fundi cherehani, na abaki naye, nimempa. Lakini hiyo uliyoniuzia mimi, chini yake kuna kibandiko cha kliniki ya meno. Mkwe amempigia daktari. Amesema anakuja mwenyewe, na anakuja na vifaa vyake."

Mawimbi alipeleka mkono shavuni pasipo kujua. Aliutazama mkoba wake, akautazama mtaa. Kwa mara ya kwanza alikuwa nje ya mlango akiwa na neno la zamani, na kwa uchungu wa kitaalamu alijua kabisa ugonjwa wake ulikuwa nini.

Kibao sasa kilikuwa mikononi mwa mkwe, amekitoa chini ya ngazi, naye alikuwa amekwisha kuchukua brashi. Alifuta maneno mawili ya mwanzo, akaacha yaliyobaki.

"Angalau nirudishieni kibao changu, dada."

"Hiki kibao kizima, fundi. Kina ini zuri." Akanyoosha kiganja. "Ila huo ufunguo naona umekufa. Niachie nikauzike."

Mawimbi akamwachia.