Chuma cha Fimbo Yangu Kilichozama Pipani

Ndugu zangu Elifuraha na Naftali,

Leo nimeaibika mbele ya wapagazi kumi na wawili, mzungu mmoja na mpishi wake. Nawaandikia jioni hii hii hapa Same, kabla hamjaletewa habari na mtu anayependa kutia chumvi.

Shida yangu mnaijua. Tangu utotoni, kila asubuhi nikitoka nje pale nyumbani Kighare naiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imejifunga kitambaa cheupe, na kila ninayemwuliza kile ni nini ananijibu lake. Mama anasema ni ukungu uliokwama. Mwinjilisti wetu anasema ni maji yaliyogeuka jiwe kwa baridi. Yaligeukaje? Yana harufu? Ukiyalamba yana chumvi? Nikifika hapo mwinjilisti hukumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtembelea.

Basi nikasikia kwamba mzungu wa Same anayepima ardhi, tunayemwita Bwana Mpima, anapanda Kilimanjaro na anatafuta karani wa kumwandikia vipimo vya baridi. Nikamwandikia. Akajibu nije, ila akaweka sharti. Kila mtu aje na fimbo yake mwenyewe, yenye ncha ya chuma chini, kwa kuwa barafu inateleza. Asiye nayo ataishia kwenye kibanda cha chini akilinda masufuria. Yaani kati yangu na barafu palibaki kipande cha chuma kirefu kama kidole.

Fimbo nilichonga mwenyewe. Nilikata mzeituni wa porini, nikaumenya, nikausugua kwa majani makavu mpaka ukang'aa. (Nilitembea nao kanisani Jumapili mbili. Najua mlisikia.) Kisha nikaupeleka kwa mhunzi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mjerumani nilimfulia bawaba za milango. Huyu Mwingereza wenu anataka nini?"

Nikamweleza habari za barafu. Akasikiliza huku mkono wake ukiendelea na mvukuto.

"Kwa hiyo ni jiwe."

"Ni jiwe, lakini ni maji."

"Na mkilifikia mtalifanya nini?"

"Tutalikanyaga."

Akaitazama milima yote iliyotuzunguka, kisha akanitazama mimi. "Huku mawe ya kukanyaga yamekwisha?"

Hata hivyo alikwisha kuingiwa na hamu. Akataka kujua kama jiwe lenyewe ni gumu kama la mtoni au linabomoka kama chokaa, maana ncha ya kitu kigumu si ncha ya kitu laini. Tukabishana sana, watu wawili ambao hakuna aliyewahi kuligusa. Mwishowe akaamua kunifulia ncha yenye mkia, kama ya jembe. Akauchoma ule mkia mpaka ukawa mwekundu, akaupigilia kwenye kitako cha fimbo. Moshi ukatoka, halafu utomvu ukaanza kuchemka na kulia pembeni ya chuma.

"Mti wako ni mbichi," akasema. "Uweke juu ya meko mwezi mzima, ndipo uniletee nikutilie chuma."

"Baba mkubwa, tunaondoka wiki hii."

"Basi chuma kitakuacha njiani." Alisema hivyo bila hasira, akaendelea na kazi yake.

Nilipofika nyumbani ncha ilikuwa inacheza. Sasa niambieni, Mpare gani asiyejua dawa ya hilo? Jembe likilegea kwenye mpini unaliloweka mferejini, mti unavimba, chuma kinashikwa. Baba yangu aliloweka, babu aliloweka. Nikailaza fimbo yangu mferejini, na leo asubuhi ncha ilikuwa imeshikwa barabara hata kwa meno isingetoka. (Nilijaribu kwa meno.) Nikashuka mpaka kituo cha reli nikiichoma ardhi kila hatua kwa majivuno.

Kumbe garimoshi lina joto la tanuri. Fimbo niliisimamisha dirishani, upande wa jua, ili abiria wengine wapate kuiona. Kufika Same, natikisa hivi, nasikia ko, ko, ko. Mti umekauka na chuma kinataka kwenda zake.

Uwanjani kwa Bwana Mpima wapagazi walikuwa wamekaa kivulini na fimbo zao wakisubiri ukaguzi. Mnaijua Same, maji hupati kwa kuangaza macho tu. Lakini nyuma ya jiko palikuwa na pipa limejaa hadi juu, safi, limefunikwa kwa shuka. Nikajiambia, dakika chache tu. Nikafunua shuka, nikaitumbukiza fimbo, kitako chini, nikaanza kuikoroga polepole ili maji yaingie vizuri.

Mara mkono ukawa mwepesi. Nikaivuta fimbo. Imetoka peke yake, na shimo jeusi mahali pa chuma.

Niliona masufuria yananingoja. Nikakunja shati, nikaingiza mkono mpaka begani, sikufika. Nikaingiza na bega. Sikufika. Nikavuta pumzi, nikaingia kichwa na kifua, miguu ikaachana na ardhi. Vidole vikagusa chuma, na wakati huo huo nikasikia sauti za nje zikinijia kwa mbali.

"Karani yuko wapi?" Huyo alikuwa Bwana Mpima.

"Yumo, Bwana." Huyo alikuwa Bakari, mpishi wake, mtu wa Kihurio, anayeongea taratibu kama mtu asiye na deni duniani.

"Yumo wapi?"

"Ndani ya maji yetu ya kunywa, Bwana."

Walinitoa kwa kunivuta miguu. Nilisimama nikichuruzika, chuma mkononi, na nilipofuta macho nikaona jambo lililonistaajabisha. Nyuma yangu wapagazi watatu, Wapare wenzangu, walikuwa wamepanga foleni na fimbo zao zilizolegea, wakingoja zamu ya pipa. Bwana Mpima alipowageukia wakazificha fimbo mgongoni wote kwa pamoja.

"Nini hii?" akaniuliza.

Nikamweleza kwa adabu habari zote za jembe, mfereji na mti unaovimba. Nilijieleza vizuri, nadhani, kwa sababu alisikiliza mpaka mwisho akitingisha kichwa. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Na kule juu, karani, ambako maji yote yamekuwa jiwe, fimbo utailoweka wapi?"

Swali hilo halikuwahi kunipitia kichwani, mimi ninayeuliza maswali kutwa. Wapagazi walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye mizigo. Wale watatu wa foleni ndio waliocheka kuliko wote.

Hukumu imetoka. Mimi na wale watatu tutaishia kibandani na masufuria. Nitaandika vipimo vya baridi vya juu kwa kusimuliwa.

Nikaenda kukaa nyuma ya jiko kukausha shati, nikilia kidogo (kidogo tu). Bakari akaja akachutama karibu yangu.

"Yote haya ulikuwa unaitafuta barafu?"

"Nilitaka kuigusa tu, kaka."

Akaingia ndani, akarudi, akanitilia kitu kiganjani. Kumbe Bwana ana sanduku linalowashwa kwa mafuta ya taa, na ndani yake barafu inatengenezwa kila siku, ya kutia kwenye vinywaji vyake. Hapa hapa Same, hatua kumi kutoka kwenye pipa.

Basi niwape habari kamili. Inaunguza ingawa ni baridi. Haina harufu. Nimeilamba, haina chumvi. Ikaniishia mkononi kabla sijamaliza kuigeuza, na hapo nikaanza kuwashwa na swali jingine. Kama hii imekwisha kwa joto la kiganja, ile ya Kibo inapigwa jua kila siku tangu babu zetu na haiishi, imewezaje? Bakari hajui. Bwana Mpima nimeona haya kumwuliza leo.

Kesho naondoka nao, na masufuria yangu, maana kibandani nitakuwa karibu na Kibo kuliko nikiwa Kighare. Mkitaka kunicheka nichekeni, ila nyinyi wenyewe mngeloweka wapi?