Vikapu Arobaini vya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mambo yameiva! Shemeji, mdogo wake mke wangu, ndiye mwenyekiti wa ushirika wa wasuka vikapu. Kanipa kazi ya kupakia mzigo wa ng'ambo, na ufunguo wa ghala juu. Ijumaa anakuja mkaguzi wa biashara ya haki, kuona kama kazi ni ya wasukaji wenyewe na wanalipwa ipasavyo. Wakifaulu, cheti chao kinabaki na mnunuzi anaendelea na bei yake nzuri. Wakianguka, wanarudi kunyonywa na madalali. Niliwahi kuwa dalali. Nikatazama pembeni.

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua sokoni vikapu arobaini vya mashine, bei ya kutupa. Nitavichomeka kwenye mzigo, vilipwe bei ya ng'ambo, faida mfukoni mwangu. Kikwazo: kila msukaji hutia alama yake kitakoni, mnunuzi ajue kazi ni ya nani. Nimeiga ya mama mkwe, mistari miwili myekundu. Rahisi! Rangi ya kucha ya mke wangu imekwisha. Kanuna.

Alhamisi, 7 Machi
Mkutano wa ushirika. Mnunuzi hutoa fungu la pesa la ziada juu ya bei, wanachama wakaamua wenyewe litumikeje. Shemeji alitaka paa jipya la ghala. Wengi wakataka miwani kwa wasukaji waliochoka macho. Wakanyoosha mikono. Shemeji kashindwa, kacheka, kaenda kuulizia miwani. Jamani! Mwenyekiti kashindwa na hakununa! Mimi nikifungwa bao siongei wiki nzima. Nilitamani nikavitoe vikapu vyangu. Kidogo tu.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa! Mkaguzi kapindua vikapu, kaona mistari myekundu kila mahali, kaomba amwone huyo msukaji hodari. Mama mkwe akaingia. Mkono wa kulia umevunjika, uko kwenye plasta tangu mwezi uliopita. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe! Akanusa kikapu, akasema yeye hasuki kwa rangi ya kucha. Macho yote kwangu.

Nikamkonyeza shemeji asingizie wapakiaji wa bandarini. Wapi! Alisimama, akaunganisha mambo, akasema yote: vikapu ni vya nani, vimeingiaje, na kwamba ufunguo alinipa yeye. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Nikajua nimewaua.

Kumbe mkaguzi akasema anaowafutia cheti ni wale wanaoficha. Hawa waviondoe vikapu, wabadilishe kufuli, waendelee na kazi. Vigelegele! Na mimi nikapiga. Mama mkwe akaniambia nifunge mdomo.

Lazima nikiri, shemeji ni mtu na nusu. Nampenda hadi naona aibu.

Jumamosi, 9 Machi
Nilijua nafukuzwa. Wamepiga kura: nikae chini nifundishwe kusuka, na kila kikapu changu kilipwe bei ileile ya wote, mwenyekiti akiwemo. Mimi, mharibifu! Machozi yamenitoka, ya kweli. Haki tamu, jamani. Mtu asimpunje mwenzake!

Jioni nimeongea na fundi baiskeli, jirani yangu. Ana vidole vyepesi. Atanisukia kwake, kimyakimya. Nitampa nusu ya bei.