Aparei ya Dirishani

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Balaa limeingia mjini kwetu Baraka! Dukani kwa Mgiriki wameweka dirishani aparei mpya ya foto. Mfuko wa ngozi, jicho linang'aa kama la samaki aliyetoka ziwani sasa hivi. Yangu inafanya kazi, ila inavuja mwanga, na kila mteja ninayempiga foto hutoka na mstari mweupe usoni. Mke wangu Mwanahamisi aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema kutazama tu. "Baba Hawa," akasema, "kutazama kwako kunakula pesa." Pesa zipo, lakini ni za mabati. Nyasi za nyumba zimeoza na mvua ziko karibu. Nimeapa: sinunui!

Jumanne, 7 Agosti
Najikaza. Nimekwenda sokoni kwa njia ya ufukoni, nisilione duka. Bamama wanaoanika dagaa wakauliza namkimbia nani. Nilipofika sokoni nikakumbuka chumvi. Chumvi nzuri iko kwa Mgiriki! Mwanahamisi anasema sasa tuna chumvi ya kutosha harusi za mabinti watatu.

Alhamisi, 9 Agosti
Nimepata akili! Anatole, mpiga foto wa Fizi, kule mlimani, ameshuka leo. Mtu wa maringo; anasema foto zangu ni za mizimu. Basi nitamfanya ainunue yeye, apande nayo mlimani, macho yangu yapumzike. Nikamvuta hadi dukani, nikaisifu mpaka Mgiriki akaacha kupima sukari. Anatole akacheka. "Assumani, kama iko muzuri hivi, mbona we hununui?" Nikaishika ili nimwonyeshe haina kasoro. Kosa kubwa! Mgiriki ilibidi anibandue vidole.

Ijumaa, 10 Agosti
Kanunua! Nimeshinda! Mchana nimekula ugali wa watu wawili.
Jioni: mzee Waziri amempa Anatole kazi ya foto za harusi ya binti yake, eti kwa sababu ana aparei mpya. Harusi ya hapa hapa Baraka! Mjinga gani alimshauri ainunue?

Jumapili, 12 Agosti
Harusini. Nilikwenda nimenuna. Anatole hakujua kuweka filimu katika aparei ile mpya! Bibi harusi amesimama juani, wanja unamtiririka mashavuni, mzee Waziri anaanza kufoka. Anatole akaninong'oneza nimwokoe, akaniita kaka yake. Nilifikiri kumwacha aumbuke. Lakini mikono yangu ilikwisha kuikamata. Foto zote nimepiga mimi. Anatole alishika mwavuli. Raha iliyoje! Na sikununua kitu! Njiani Mwanahamisi alinishika mkono, jambo ambalo halifanyi mbele ya watu. Nikamwambia kesho tukachukue mabati.

Jumamosi, 25 Agosti
Nyumba imeezekwa! Anatole ametuletea foto aliyotupiga mbele ya nyumba hiyo, bila kudai chochote. Mwanahamisi ameitundika ukutani na kuwaita majirani. Anawaambia mume wake hatimaye amekuwa mutu muzima. Nimekubali kwa kichwa.
Mgiriki naye kanipasha habari: aparei nyingine kama ile inakuja na meli ijayo.
Walipoondoka wageni nikaitazama foto kwa makini. Upande wa mbele mabati yanametameta. Upande wa nyuma hauonekani kabisa! Na huko nyuma ni jiko na kuku tu, na kuku wanapenda nyasi.
Kesho Mwanahamisi anakwenda kwa dada yake. Nimeshaazima ngazi, na bei ya mabati ya nyuma nimeshaipiga hesabu.