Chuo Kilicho Karibu na Kiti Changu

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Kuna jambo nimewaficha watu wote wa nyumba hii. Daktari amesema moyo wangu umetanuka na nisipange mambo ya mbali, basi naliandika hapa kabla sijaenda nalo. Namsifia mjukuu wangu chuo ambacho sijawahi kukikanyaga. Kinaitwa Upeo, kiko hapa Voi, ghorofani juu ya duka la simiti. Walimu hodari, karo nafuu, studio ya kisasa: sifa zote hizo nimezitunga mimi. Ninachokijua kwa hakika ni kimoja tu. Msichana akitoka pale kwa miguu, anafika kwenye kiti changu kabla chai haijapoa.

Mjukuu ni Shanice, mtoto wa binti yangu Rachel. Anataka kusomea uanahabari. Kila asubuhi hunisomea gazeti, maana macho yangu sasa yanaona vichwa vya habari tu, kisha tunabishana. Nilikuwa mwalimu mkuu kule Bura miaka mingi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunibishia vizuri hivyo. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Ndiyo maana sitaki aende.

Amepata nafasi katika chuo cha serikali, Mombasa. Wanafungua Jumatatu ya tarehe nane, na asiyefika siku hiyo nafasi yake anapewa mwingine. Nimemwambia Mombasa kuna joto. Akaniuliza Voi imekuwa baridi tangu lini.

Jumanne, 26 Agosti

Kiema amekuja. Jirani yangu, karani mstaafu wa reli, Mkamba. Akinishinda drafti, kanisa zima hujua. Leo hakuleta drafti. Kaleta simu. Mjukuu wake Koki alisoma chuo kilekile cha Mombasa, na sasa anasoma habari kwenye redio moja huko Machakos. Kiema alifungulia sauti mpaka kuku wakatawanyika. Nilisikiliza kwa makini nikitafuta kosa. Sikupata. Nikasema msichana anavuta pumzi kwa sauti. Kiema akajibu, "Mwalimu, wewe ulivuta pumzi miaka thelathini na serikali ikakulipa."

Kisha akampigia Koki, akampa Shanice simu. Wakaongea mpaka chai yangu ikashika utando. Koki alimwambia asichague chuo kwa tangazo wala kwa mdomo wa mtu. Aende aone. Aulize kama kozi yenyewe imesajiliwa, si chuo tu. Aulize waliomaliza wako wapi, awatafute. Aulize mwanafunzi hushika kipaza sauti lini, mwaka wa kwanza au siku ya mahafali. Karo aulize yote, pamoja na ya mtihani, maana rahisi ya tangazoni huenda ikawa ghali ofisini.

Ushauri mzuri sana. Ulinikasirisha mchana kutwa.

Alhamisi, 28 Agosti

Mpango. Nimempigia simu Wabwire, mwenye Upeo. Tuko kanisa moja. Yeye huimba besi kwenye kwaya na anatamani uenyekiti. Nimemweleza kwamba kesho atakuja msichana mwenye maswali mengi, na kwamba majibu mazuri yatakumbukwa siku ya uchaguzi wa kwaya. Akasema, "Haya, Mwalimu." Sauti ya besi ikiwa na wasiwasi husikika kama lori linalopanda mlima wa Mwatate.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimekwenda mwenyewe kusimamia ushindi. Ngazi karibu zinimalize. Shanice alinishika mkono huu, na mkono ule aliushika Kiema, ambaye hakualikwa.

Studio ni chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isivume. Nilimweleza Shanice kwamba hiyo ni teknolojia. Kiema akauliza kama kuku nao wanasomea hapa. Nyuma ya pazia palikuwa na darasa la ususi, mashine za kukausha nywele zikinguruma. Shanice akaanza maswali ya Koki. Mimi nikawa namkonyeza Wabwire.

Wabwire alinitazama, akamtazama Shanice, akavua miwani. Akasema ususi umesajiliwa, kompyuta imesajiliwa, habari bado wanasubiri jibu. Mwalimu wa habari alikuwapo mpaka mwezi wa nne, alipopata kazi ya bima. Aliyemaliza kozi hiyo ni mmoja, Valentine, na hajaenda mbali. Pazia likafunguka kidogo, mkono wenye kitana ukatupungia.

"Dada, ukitaka kusuka, hakuna chuo kinachonishinda hapa Voi," Wabwire akasema. "Lakini ningekuwa na binti aliyepata nafasi ile ya Mombasa, ningembebea sanduku mpaka steshoni." Kisha akanigeukia mimi. "Nisamehe, Mwalimu. Jumapili nina solo, naimba peke yangu mbele za Mungu."

Tulipokuwa tukishuka, Shanice aliniuliza kwa upole ile studio ya kisasa niliiona siku gani. Nikamwambia ngazi zinanipa kizunguzungu.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeugua. Nimeanza baada ya uji. Rachel, ambaye ni muuguzi na hakurithi huruma yangu, ameleta mashine yake ya presha. Presha yangu leo ni nzuri kuliko yake. Akauliza, "Baba, inauma wapi?" Nikasema kila mahali. Akasema kila mahali si mahali.

Hapo nikatoa silaha kubwa. Sisi Wataita, mtoto hafungi safari ya maana bila mzee wake kumtasa. Mzee hupiga funda la kinywaji, akalitema kwa kulinyunyiza, akamwombea heri. Mzee wa nyumba hii ni mimi. Nikatangaza kwamba sina nguvu za kutasa mpaka labda Desemba.

Rachel alitoka akibamiza mlango. Shanice alikaa ukingoni mwa kitanda changu. Hakubishana, na hilo lilinitisha. Akasema hatakwenda bila baraka yangu. Atangoja. Nafasi ikipotea, basi, imepotea.

Nimeshinda. Chakula cha mchana kimenishinda kumeza.

Jumatano, 3 Septemba

Mable ameteremka kutoka Wundanyi. Ni dada yangu mdogo, mzee wa kanisa, na mila anazijua kuliko walioziweka. Rachel ndiye aliyemwita. Hakuniuliza hali. Alimwuliza Rachel kama nakula. Nakula. Kama nagombana na Kiema. Nagombana. Akasema, "Basi mate anayo."

Kisha akavuta kiti, akanikumbusha alichotufundisha baba yetu. Mwenye kutasa hutoa kwanza hasira iliyo moyoni, kwa maneno, mbele ya watu, ndipo ateme kile kinywaji. Mwenye kuficha kitu ananyunyiza maji tu, afadhali aende akamwagilie sukuma wiki. "Kwa hivyo jitayarishe, kaka. Ijumaa utatuambia una hasira na nani."

Sikuwa nimefikiria upande huo wa mila.

Ijumaa, 5 Septemba

Imefanyika. Pombe ya miwa Mable alikataa, kwa cheo chake. Tukatumia maji ya miwa, matamu, yaliyokamuliwa leo. Mafunda matatu kama ya baba: la kwanza kutoa hasira, la pili la mtoto, la tatu la njia, kuifunga baraka.

Nilisimama nimeshika mgongo wa kiti. Nikasema nina hasira na Mombasa. Nina hasira na Koki kwa kusoma vizuri na Kiema kwa kuwa na simu yenye sauti. Nina hasira na moyo wangu kwa kutanuka bila kuniuliza. Nikasema sifa za Upeo nilizitunga. Halafu nikasema lililobaki kwa kunong'ona: naogopa asubuhi ambayo gazeti litakaa mezani limekunjwa.

Hakuna aliyecheka. Shanice akasema, "Babu, si ungesema tu." Akasema atakuwa akinipigia kila asubuhi kabla ya darasa na kunisomea habari, nami nibishe mpaka salio liishe.

Funda la kwanza nililielekeza mlangoni, ambako Kiema alikuwa ameketi apate upepo. Akajipangusa uso, akauliza kama sasa naye amepata nafasi chuoni. La pili nilimnyunyizia Shanice, nikamwambia aende, aulize, asiandike asichokiona. La tatu nilitoka nalo barazani peke yangu, nikaelekea barabara. Mable akasema amina.

Jumapili, 7 Septemba

Ameondoka jana kwa treni. Wabwire alikuja mwenyewe kubeba sanduku. Leo asubuhi simu imelia, nami nimesomewa gazeti lote, hata matangazo ya vifo. Tumebishana kuhusu bei ya mkonge mpaka Rachel akafunga dirisha. Chuo anasema ni kizuri. Kipaza sauti ameshaonyeshwa, na darasa halijaanza.

Kiema amekuja na drafti, akanishinda, na kwa mara ya kwanza hakusema chochote kanisani. Nimeshiba upendo kuliko ninavyostahili. Asante kwa Mable na ulimi wake. Asante kwa Rachel na mashine yake. Asante kwa msichana aliyekuwa tayari kupoteza nafasi yake kwa ajili ya mate ya mzee. Mtu anaweza kufa vizuri akiwa na watu kama hawa.

Ila baraka isiyofungwa, baba alitufundisha, ni lazima mtoto aitwe nyumbani ikamilishwe. Nafikiria mwisho wa mwezi huu. Nitamwambia taratibu, nisimshtue, kwamba kuna jambo dogo la mila limesahaulika.

Maneno yote nilisema, na yote yalikuwa ya kweli. Lakini kule barazani nilikuwa nimewapa watu mgongo, na maji ya miwa yalikuwa matamu sana. Funda la tatu sikulitema. Nililimeza.