Nchi Yetu ya Kukimbilia

Jumatatu, 16 Oktoba 1995

Uchaguzi wa vyama vingi umebakiza siku kumi na tatu. Moyo unanirukaruka kama dagaa kwenye karai. Kila mtu anasema hakutakuwa na kitu. Ndiyo maana naogopa! Mwaka jana majirani zetu Wanyarwanda nao bila shaka walikuwa wanaambiana hivyo hivyo. Kisha tukasikia wamejaa Ngara, watoto mgongoni.

Nimeamua. Familia hii lazima iwe na nchi ya kukimbilia.

Mama Lukman wa nyumba ya pili tayari anayo. Oman! Mume wake ana binamu huko. Akaniuliza, na ninyi je, Mama Mayala? Nikamjibu kwamba bado tunalinganisha. Tunalinganisha! Hata moja sina.

Nimeazima atlasi ya Gladness, binti yangu wa darasa la sita. Mimi niliishia la nne, lakini ramani naielewa. Bluu ni maji.

Jumatano, 18 Oktoba

Uganda. Karibu, ziwa lile lile, ndizi tele. Nilimtega mume wangu Masalu wakati anakula. Nikauliza, hivi Uganda pazuri? Akasema yeye Uganda alikwenda mwaka sabini na tisa na bunduki begani, hawezi kurudi sasa kuomba kitanda. Uganda nimeifuta.

Kenya wana haraka. Mimi nikiharakishwa nalia. Nimeifuta.

Kanada. Yuko mtawa parokiani anatoka huko. Anasema theluji inakaa miezi mitano. Nikamwuliza, sasa michembe mnaanika wapi? Mayala wangu ana miaka mitano na hali kitu kingine, ni viazi hivyo vya kukausha juani tu. Mtawa alicheka mpaka akakaa chini. Nimeifuta.

Imebaki Zambia. Nasikia ni watu wapole, na jua lipo. Zambia!

Masalu sijamwambia. Anashinda kiwandani akichuna minofu ya sangara, anarudi mikono imekufa ganzi. Wasiwasi wangu mimi unatosha nyumba nzima.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimegawa mizigo. Siku ya kukimbia hakuna kuulizana.

Gladness: kumshika Mayala mkono. Atlasi.

Mimi: sufuria mbili, mwiko, chumvi, michembe, kuku mwekundu.

Baba Mayala: kumbeba mama yake. (Bibi yuko Buswelu, goti limeharibika, hawezi kutembea mpaka Zambia. Na Masalu ana mgongo mpana.)

Wifi Dorotea: atembee mwenyewe. Mdomo wake utafungua njia.

Jumamosi, 21 Oktoba

Leo mazoezi! Mtu hawezi kukimbia siku yenyewe bila kujaribu. Masalu alikuwa zamu ya asubuhi. Nikafunga vifurushi vyote, tukatoka hapa Butimba mpaka mjini kivukoni, tukavuka kwenda Kamanga. Niliwaambia watoto Kamanga ndiyo Zambia.

Gladness alitembea hatua kumi nyuma, anajifanya hatujui. Kuku alifunguka katikati ya maji, abiria watatu wakamtoa chini ya lori. Kule ng'ambo Mayala akauliza Wazambia wako wapi. Nikamwonyesha wauza mihogo. Mama mmoja akampa kipande bure. Unaona, nikamwambia Gladness, si nilisema wapole?

Tumekaa saa mbili, tumekula, tumerudi. Mazoezi yamefaulu kabisa.

Kitu kimoja tu. Wakati wa kwenda nilimwona wifi Dorotea kivukoni, ananunua sato. Nikampungia mkono. Hakupunga. Alikuwa anatazama sufuria.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimekwisha!

Kwetu sisi Wasukuma, mwanamke anayekwenda kusalimia hubeba nguo. Anayebeba sufuria na mwiko wake amemwacha mume. Hata mtoto anajua. Mimi nilisahau! Nilikuwa nawaza tumbo la Mayala. Wifi amesambaza kuanzia Butimba mpaka Buswelu kwamba nilikuwa naondoka, na kwamba kilichonirudisha ni aibu ya kuonwa.

Masalu alirudi kazini, akala polepole, akasema ugali ni mzuri. Alisema kama mtu anayeaga msibani. Kisha akaniuliza Jumamosi nilikuwa wapi. Nikaona aibu kuitaja Zambia. Nikasema nilikwenda kutembea kidogo. Akauliza, na sufuria? Nikasema, na sufuria.

Jumatano, 25 Oktoba

Kaka yangu Nkwabi amefika kutoka Magu kwa baiskeli, jasho mpaka kwenye soksi. Salamu hakutoa. Justa, akasema, unataka kuniua?

Ni wale ng'ombe kumi na wawili wa mahari yangu. Hao ndio Nkwabi aliotolea mahari ya mke wake. Nikiachika, upande wa Masalu watawadai. Nkwabi akauliza atarudisha nini, ng'ombe hana, arudishe mke? Anampenda sana mke wake. Alilia kidogo, nikampa uji.

Kesho kikao cha wazee.

Nimeviona viatu vya Masalu mlangoni. Miaka kumi na tano viko pale pale. Nchi zote nilizokuwa nazichagua, kumbe nilikuwa nazichagua zikiwa na viatu hivyo mlangoni. Nitasemaje? Nani ataniamini?

Alhamisi, 26 Oktoba

Kikao kiliongozwa na mzee Chenge, baba mkubwa wa Masalu. Bibi aliletwa juu ya baiskeli. Wifi Dorotea aliwahi mkeka wa mbele.

Mzee Chenge akauliza kwa upole, binti yangu, ulikuwa unakwenda kwa nani? Nikasema Zambia.



"Ana bwana Zambia!" wifi akapiga kelele. Nkwabi akajishika kichwa. Masalu alikuwa anatazama chini tu, na hapo ndipo nilipolia kweli. Nikamwambia Gladness alete daftari hili, asome ukurasa wa mizigo.

Akasoma. Alipofika "Baba Mayala: kumbeba mama yake", Bibi akamwambia arudie. Akarudia. Bibi akauliza, mpaka Zambia? Gladness akasema, mpaka Zambia. Bibi akajifuta macho kwa khanga, akasema ana miaka sabini na hajatokea mtu wa kumpangia kubebwa hata mpaka hapo jirani Nyakato.

Ndipo Masalu akaniuliza, sauti ndogo, mbona nguo zake hazikuwemo kwenye mizigo.

"Si utakuwa umezivaa, Baba Mayala! Ulitaka ukimbie uchi?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Jamani, kicheko kile! Zambia nzima hawana.

Bahati mbaya Gladness ni mtoto wa nidhamu, hakuambiwa anyamaze. Akaendelea na mstari wa wifi. Watu walicheka, ila wifi alivimba. Halafu akasema sawa, atatembea, lakini cherehani yake atabebewa na nani? Mzee Chenge akasema kwake yeye Zambia ni mbali, heri Msumbiji. Nkwabi akasema Kenya. Walibishana nchi hadi kuku mwekundu akaiva.

Hukumu: nisipange tena peke yangu. Jambo lolote la kuigusa nyumba hii, mume aambiwe kwanza. Nimeapa mbele ya watu kumi na mmoja. Nkwabi ameondoka anaimba.

Jumatatu, 30 Oktoba

Jana tumepiga kura. Mstari mrefu, jua kali, na hakuna aliyerushiwa hata ganda la muwa! Mama Lukman alikuwa nyuma yangu, tukashikana mikono kama mabinti. Moyo umetulia tuli.

Leo nikikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara ya kiwandani, nimewaza jambo. Kama kwetu kuko shwari namna hii, basi watu wa nchi nyingine ndio watakaokimbilia kwetu. Watalala wapi? Hakuna aliyejiandaa!

Nimechagua Wamalawi. Wanakula ugali, na nasikia hawana makelele. Familia moja ya watu sita inaenea chumba chetu cha kulala nikitoa kabati. Mimi nitalala na watoto. Masalu atahamia kwenye banda la kuni, ni suala la mwaka mmoja au miwili.

Balozi wa nyumba kumi nimemwarifu, ameandika jina letu. Gladness nimemwambia. Mayala pia, amefurahi sana.

Masalu nitamwambia wakishafika.